Mama Ngina na Neno Linaloachwa Njiani

Mwambie dereva wa tuktuk mjini Mombasa akupeleke Mama Ngina, naye hatauliza Mama Ngina gani wala wapi. Atashika njia ya kusini mwa kisiwa mpaka mibuyu mikubwa ianze kuonekana na bahari ifunguke mbele yake, akuteremshe penye harufu ya mihogo ya kukaanga. Kwenye ramani jina la mahali hapo ni refu zaidi: Mama Ngina Drive. Hilo neno la mwisho halifiki mitaani. Linakaa kwenye ramani, kwenye barua na kwenye vibao, na wenyeji wanaendelea na shughuli zao bila kulihitaji.

Jina lenyewe limewahi kubadilika. Zamani barabara hiyo hiyo iliitwa Azania Drive, kwa jina ambalo waandishi wa Kigiriki wa kale walilitumia kwa pwani hii ya Afrika Mashariki. Azania ikaondoka, akaja Mama Ngina Kenyatta, mke wa rais wa kwanza wa Kenya, lakini drive ikabaki palepale. Na muda wote huo kulikuwa na jina la tatu, la mdomoni tu, ambalo watu wa makamo bado wanalo: Laitihausi, kwa ajili ya mnara wa taa wa Ras Serani unaozielekeza meli zinazoingia Kilindini.

Hata hilo "Mama" lina mambo yake. Pwani, Mama Fatma ni yule aliyemzaa Fatma, na Baba Salim ni baba yake Salim. Mgeni anayeishika kanuni hiyo barabara angedhani Ngina ni mtoto wa mtu. Kumbe Ngina ni mama mwenyewe, na "Mama" hapo ni heshima apewayo mke wa kiongozi wa nchi, kama Watanzania wanavyomwita mjane wa Mwalimu Nyerere Mama Maria.

Lakini neno linalostahili kusimamishwa na kuulizwa maswali ni lile linaloachwa. Drive ni neno dogo, silabi moja tu kwa matamshi ya Waingereza, na linabeba mzigo ambao wanafunzi wengi wa shule hawaambiwi. Hufundishwa kwamba drive ni kuendesha gari, basi. Siku wanapokutana nalo kwenye gazeti, kwenye kompyuta au kwenye taarifa ya benki, gari halionekani popote.

Kiingereza kina maneno yenye mizigo mizito kuliko huo. Kamusi kubwa ya Oxford, katika toleo lake la pili la mwaka 1989, iliorodhesha maana zaidi ya 400 za neno set. Wahariri wake walipolipitia upya neno run miaka ya baadaye, maana za kitenzi hicho peke yake zikapita 600. Drive haifiki huko. Faida yake kwa msomaji wa Mombasa ni nyingine: mtu akisimama ukingoni mwa bahari pale Mama Ngina na kugeuza shingo kidogo, karibu kila maana kubwa ya neno hilo ataiona kwa macho.

Asili yake ni zizini. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa drifan, ndugu wa treiben ya Kijerumani na drijven ya Kiholanzi, na moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kuswaga wanyama. Kiswahili kinalitenga jambo hili vizuri sana. Anayeongoza yuko mbele, na wanaomfuata wanamtazama mgongoni. Anayeswaga yuko nyuma, fimbo mkononi, na ng'ombe wanakwenda kwa sababu nguvu inatoka nyuma yao. Mfugaji wa Kiorma anayeteremsha mifugo kwenda Mto Tana anaijua tofauti hiyo bila kamusi.

Shika hilo la nguvu inayotoka nyuma, kwa maana ndilo linalofungua maana nyingine karibu zote. Msumari unaoingia ubaoni kwa nyundo, Mwingereza anasema umekuwa driven, sisi tunaupigilia. Adui anayetimuliwa mjini, Mwingereza anatumia neno lile lile, sisi tunamfukuza. Mvua inayokuja na upepo mpaka inaingia dirishani, neno lile lile. Huku tunasema mvua inapiga. Kiingereza kimetazama matukio haya yote kikaona kitu kimoja, yaani kitu kinachosukumwa kutoka nyuma. Kiswahili kimetazama mkono wa mfanyaji na chombo anachotumia, kikaipa kila kazi jina lake.

Baharini ndiko mambo yanapopendeza. Mbele ya Mama Ngina upo mlango wa bahari unaoingia Kilindini, bandari iliyopewa jina kwa kina cha maji yake. Kwa karne nyingi vyombo vilifika Mombasa kwa pepo mbili: kaskazi iliyovileta kutoka Uarabuni na Bara Hindi mwishoni mwa mwaka na mwanzoni mwa mwaka uliofuata, na kusi iliyovirudisha. Mwingereza husema upepo unai-drive meli, na kutokana na shina hilo hilo akapata drift, chombo kinapochukuliwa na maji bila mtu wa kukizuia. Mswahili wa pwani hakuhitaji neno moja la kukusanya yote hayo, kwa sababu alikuwa na msamiati mzima wa kazi yenyewe. Na maneno yake ya baharini nayo hayakukaa baharini. Chombo kikiyumba vibaya majini tunasema kinakwenda mrama. Leo hata ndoa na biashara zinakwenda mrama kule Nakuru na Dodoma, kwa watu ambao hawajawahi kuona tanga likipandishwa.

Tazama safari ya neno usukani. Mwanzoni ni ule ubao wa nyuma ya jahazi unaogeuza chombo, kutoka sukkan ya Kiarabu. Motokaa zilipofika, gurudumu la kushikia likaitwa usukani. Kisha mwenyekiti wa chama akashika usukani. Au rubani: kwanza ni mjuzi wa mlango wa bandari, yule anayepanda meli ngeni kuipitisha penye miamba. Kilindini kazi hiyo ingali hai, na aliye Mama Ngina anaweza kuiona boti ndogo ikiikimbilia meli kubwa nje ya mkondo kumpeleka rubani. Lakini ukitaja rubani leo, wengi wanafikiria ndege. Nahodha, neno la Kiajemi, amehama kutoka jahazini hadi timu ya mpira.

Na chombo chenyewe! Jahazi ni chombo. Sufuria ni chombo. Redio ni chombo cha habari, polisi ni vyombo vya usalama, na bibi harusi anapohamia kwake anapelekewa vyombo. Mwingereza anayejifunza Kiswahili Mombasa anapata taabu na neno hilo kama mtoto wa Majengo anavyopata taabu na drive. Wote wawili wanahangaishwa na jambo moja: neno limefuata kazi za watu, na kazi zimekuwa nyingi.

Tukirudi barabarani: imekuwaje barabara ikaitwa drive? Wenye mali wa Uingereza mwishoni mwa karne ya 18 walikuwa na desturi ya kutoka na magari ya farasi, si kwa safari bali kwa starehe, watazame mandhari na kutazamwa na wenzao. Matembezi hayo yakaitwa drive. Mapema karne ya 19 njia zilizotengenezwa kwa ajili ya matembezi hayo zikaitwa drive pia. Kwa hiyo neno hilo kwenye kibao cha Mombasa halikuwekwa kwa bahati. Street ni ya maduka na nyumba zilizobanana. Avenue ni pana na ina miti pande mbili. Drive ni njia ya kupita polepole penye kitu cha kutazama. Mji wa Kale, umbali mfupi tu kutoka hapo, una barabara inayosema hayo kwa njia yake: Ndia Kuu, kwa Kimvita kinachosema ndia pale Kiswahili sanifu kinaposema njia. Haikuhitaji Street wala Road mbele ya watu wake, kwa sababu ndia kuu ni ndia kuu.

Lakini farasi hawakuwa desturi ya Mombasa. Kilichokuwako, na kinachofaa kukumbukwa na kila anayepita Mama Ngina kwa gari, ni troli. Mwaka 1890 Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilianza kutandika reli nyembamba ya kwenda bara. Haikufika mbali. Vyuma vyake vikatumiwa kisiwani kuweka njia za vijitroli vyenye kiti na paa la turubai, kati ya Mji wa Kale na Kilindini, na matawi yakaingia hadi milangoni mwa nyumba za wakubwa. Troli hizo hazikuwa na injini wala mnyama. Zilisukumwa na watu. Mzungu aliketi kivulini, na vijana wa Kiafrika wakakimbia nyuma yake juu ya reli, mikono kwenye mgongo wa kiti. Hiyo ndiyo iliyokuwa drive ya Mombasa kabla ya motokaa kuzoeleka, na maana ya kale kabisa ya neno ilikuwa imerudi yote: nguvu inayotoka nyuma. Ila safari hii aliyeketi mbele ndiye aliyekuwa bwana, na waliokuwa nyuma hawakuwa na fimbo.

Leo desturi ya matembezi imebaki, ikapata wenyewe. Jioni, na hasa Jumapili, familia za Mombasa huja Mama Ngina kwa gari, kwa tuktuk na kwa miguu. Magari huegeshwa yakielekea baharini, milango wazi. Watu hununua mihogo iliyochanwa na kutiwa ndimu na pilipili, viazi vya karai, mabuyu mekundu, madafu, na hukaa mpaka magharibi iingie. Wahindi wa Mombasa wameishika desturi hii kwa vizazi, na Waswahili, Wamijikenda na watu wa bara wako nao bega kwa bega. Mwaka 2019 serikali ilipatengeneza upya pawe bustani ya ufukweni, na tarehe 20 Oktoba mwaka huo sherehe za kitaifa za Siku ya Mashujaa zikafanyika hapo.

Muulize mtu wa pale amefuata nini. Hatasema amekuja kuendesha. Atasema amekuja kupunga upepo. Hiyo ndiyo tafsiri sahihi ya drive ya Waingereza wa zamani, na haina gari ndani yake; aliyekuja kwa miguu na aliyekuja kwa Prado wote wanapunga upepo ule ule. Neno punga nalo lina kina chake. Mtu anapunga mkono kumuaga msafiri wa feri ya Likoni. Na mganga anapunga pepo, ambayo ni kazi tofauti kabisa yenye ngoma na uvumba. Herufi moja ikipungua, mandari inageuka tiba.

Nyuma ya wapunga upepo hao, upande wa nchi kavu, kuna majani yaliyokatwa vizuri ya Klabu ya Gofu ya Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1911, yenye mashimo 9 kandokando ya bahari. Huko drive ni pigo la kwanza, lile la kuupeleka mpira mbali kuelekea shimoni. Mtangazaji wa Kiswahili angeliita mkwaju, neno ambalo lilikuwa mti na lilikuwa fimbo kabla ya kuwa shuti la penalti. Hapa lugha mbili zimepita njia moja: zote zimechukua kitu cha kuchapia na kukigeuza mchezo.

Ipo maana moja ambayo Kenya inaijua kwa undani kuliko nchi nyingi. Mwishoni mwa karne ya 19, Wamarekani walianza kuita drive kampeni ya pamoja ya kuchangisha fedha kwa jambo fulani. Mpaka leo kuna drive ya kuchangia damu, ya kuandikisha wapiga kura, ya kukusanya vitabu. Imetokaje kwenye ng'ombe hadi kwenye mchango? Kwa njia ya msukumo: watu wengi wanaweka nguvu pamoja ili jambo zito lisogee.

Sasa litazame neno harambee. Lilikuwa mwito wa kazi wa pwani. Watu wanavuta kitu kizito, mmoja anaita, wenzake wanaitika, na nguvu zote zinakwenda kwa wakati mmoja. Jomo Kenyatta akalichukua mwaka 1963 likawa kaulimbiu ya taifa jipya, na likaandikwa chini ya ngao ya nchi. Baada ya hapo likawa jina la shughuli yenyewe ya kuchanga fedha. Shule za harambee zikajengwa, wagonjwa wakapelekwa hospitali kwa harambee, wanafunzi wakasafirishwa ng'ambo kwa harambee. Kwa hiyo Wamarekani na Waswahili, bila kushauriana, waliondoka kwenye kazi ya mikono na misuli wakafika kwenye bahasha ya mchango. Mkenya anayetafuta neno la drive ya namna hiyo hana sababu ya kwenda mbali. Analo, tena lilizaliwa kwenye pwani hii hii ya Mama Ngina.

Ndani ya moyo wa mtu, lugha hizi zinaachana. Mwingereza akimsifu mfanyabiashara kijana husema ana drive: kitu fulani kinamsukuma kutoka ndani. Wanasaikolojia nao walilichukua. Sigmund Freud aliandika Trieb kwa Kijerumani, neno la ukoo ule ule wa treiben. Mfasiri wake mkuu wa Kiingereza, James Strachey, akalitafsiri kwa neno lenye maana ya silika, na wasomi wa baadaye wakalalamika kwamba drive ingekaribia zaidi. Sisi tunayo ari, bidii, hima, hamu, shauku, na kila moja ina uzito wake. Mwenye ari si lazima awe mwenye pupa.

Ila sikiliza Waswahili wanapozungumza bila kuandika tasnifu. "Nini kilichokutuma?" "Moyo haukunituma." "Njaa ndiyo iliyomtuma." "Shetani kamtuma." Msukumo hauko. Kuna kutumwa. Nafsi, njaa, mapenzi na shetani ni wenye amri, na mtu ni mjumbe anayeondoka kutekeleza aliloagizwa. Mjumbe anaweza kukubali au kukataa, naye akirudi ataulizwa. Ng'ombe anayeswagwa haulizwi. Ukitafsiri riwaya ya Kiingereza na kila driven ukaiandika "alisukumwa na", utaeleweka, lakini utakuwa umewanyima wahusika wako usemi ambao bibi yeyote wa Kibokoni angewapa bila kufikiri mara mbili.

Tuje kwa dereva, ndiye mtoto maarufu kuliko wote. Kiswahili kilimpokea driver wa Kiingereza kikampa irabu, wingi wa madereva, na fani ya udereva. Nairobi vijana wamemkata akawa dere. Tanzania abiria wa mabasi humwita suka. Yeye huendesha gari, lori au gari moshi. Lakini hakupewa kila kitu. Kwenye feri ya Likoni, inayovuka mwisho wa barabara hiyo ya Mama Ngina, mshika usukani haitwi dereva. Abiria humwita nahodha. Wa angani ni rubani. Maneno ya kale ya bahari yalikuwa yameshakaa kwenye viti vyao kabla ya dereva kuwasili, naye akachukua nafasi iliyokuwa wazi, ya nchi kavu.

Kitenzi chenyewe hakikuazimwa. Kuendesha ni kukifanya kitu kiende, na kwa kuwa vitu vinavyokwenda ni vingi, hapa Kiswahili ndicho kinachozidi. Mwingereza ana-drive gari, lakini baiskeli, meli na ndege kila kimoja kina kitenzi chake. Mswahili anaendesha gari, anaendesha baiskeli, anaendesha meli, anaendesha cherehani, anaendesha mkutano, anaendesha kesi, anaendesha duka la urithi. Na tumbo likimwendesha hatatoka nyumbani siku hiyo. Mwanafunzi aliyekariri kwamba drive ni endesha na endesha ni drive ataandika Kiingereza cha ajabu siku atakapotaka kueleza kwamba mjomba wake anaendesha kiwanda.

Kosa si lake peke yake. Kamusi za lugha mbili tulizonazo zina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo ilifanyika kwenye kisiwa hiki. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 akaanza kukusanya maneno kwa wenyeji wake; kamusi yake, yenye Kimvita kingi, ilichapishwa mwaka 1882, baada ya kifo chake. Mwaka 1928 wajumbe wa makoloni ya Afrika Mashariki walikutana Mombasa hiyo hiyo na kuamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Ikafuata kamati ya lugha mwaka 1930, na kamusi ya Frederick Johnson mwaka 1939. Ni kazi kubwa ambazo tunazitegemea bado. Lakini kamusi ya mfukoni inayouzwa nje ya shule huchukua mstari wa kwanza tu wa kazi hizo, neno kwa neno, na mtoto anaamini kwamba lugha mbili ni safu mbili zinazolingana.

Zipo drive nyingine ambazo zimekuja na kuondoka. Miaka ya 1960 na 1970 watu wa mijini walikwenda kutazama sinema wakiwa ndani ya magari yao: Nairobi kulikuwa na Belle Vue kando ya Barabara ya Mombasa na Fox kwenye Barabara ya Thika, na Dar es Salaam kulikuwa na Drive-In ya Msasani, mahali ambapo leo upo ubalozi wa Marekani. Hilo halikutafsiriwa. Lilisemwa draivini, likaishi na skrini zake, likabaki kumbukumbu ya watu wenye mvi.

Nyingine ndiyo kwanza inakua. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitoa mashine iliyohifadhi taarifa kwenye sahani kubwa zilizozungushwa na mota. Kilichozungusha kiliitwa drive, kwa haki kabisa, maana kilisukuma. Sahani zikawa ndogo, zikaingia kwenye kompyuta za mezani, na jina likaendelea. Leo kifaa cha kidole kimoja kinachochomekwa kwenye kompyuta hakina sahani, hakina mota, hakuna kinachozunguka ndani yake, na bado Waingereza wanakiita drive. Kwenye maduka ya kuchapisha hati kando ya Digo Road wateja wanakiita flashi tu. Kiswahili kimerudia kilichofanya kwa Mama Ngina: kimeshika neno la mbele, kikaliacha la nyuma. Na safari hii kimekuwa sahihi kuliko mwenye neno, kwa kuwa hakuna kinachosukumwa. Waliotafsiri huduma za Google nao hawakutafuta injini. Waliandika Hifadhi, wakitazama kazi ya kitu badala ya jina lake, na walifanya vyema.

Hapo ndipo tafsiri ya ofisini inapopaswa kujifunza kutoka mitaani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na Tanzania mwaka 2021 ilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Nyaraka zitakazohitaji kutafsiriwa ni nyingi, na lugha ya wachumi na wanasera imejaa drive. Wanaandika juu ya drivers wa mfumuko wa bei. Mfasiri mwenye haraka ataleta madereva, na msomaji wa Kisauni atabaki akijiuliza mfumuko umepanda matatu gani. Ni vichocheo, au visababishi. Sera wanayosema ni data-driven ni sera inayotegemea takwimu. Soko linaloitwa demand-driven linafuata mahitaji ya wanunuzi.

Kwa magari yanayokwenda bila mtu kushika usukani, ambayo tayari yanabeba abiria katika baadhi ya miji ya Marekani na China, kazi ni nyepesi zaidi. Kitenzi kiko tayari. Kwa miaka mingi wahasibu na wakurugenzi wamekuwa wakisema shirika fulani linajiendesha, wakimaanisha kwamba linalipa mishahara na gharama zake kwa mapato yake lenyewe. Gari nalo litajiendesha. Wahariri watakachopaswa kuamua ni namna ya kumwita aliyeketi ndani yake kwenye kiti cha mbele kulia, mikono mapajani, ambaye leseni yake bado inasema dereva.